Tengeneza samaki wa umeme kwenye beseni: mwongozo kamili wa kuelewa domodomo anavyotambua vitu gizani

Domodomo wa Ziwa Victoria hula usiku. Huchomeka mdomo wake mrefu kwenye matope na kuchokoa mabuu ya wadudu, mahali ambapo hata mchana jicho haliambulii kitu.

"Mjomba, sasa anajuaje kwamba hapa pana mdudu na pale pana kijiwe?" Mpwa wangu aliniuliza hivyo tukiwa kibarazani Mbagala. Nikamjibu: anatumia umeme. Jibu lilikuwa sahihi, ila halikumsaidia chochote. Kwa mtoto wa Dar es Salaam umeme ni luku, ni nguzo, ni kupigwa shoti. Ilibidi nimtengenezee samaki wa bandia ili ausikie huo umeme kwa masikio yake. Ninachokuandikia hapa ndicho tulichofanya, pamoja na kosa lililotupotezea Jumamosi nzima, ili wewe usilirudie.

Kwanza elewa samaki, ndipo ununue waya

Samaki wenye habari na umeme wako wa aina tatu, na watu huwachanganya. Wapo wenye umeme mkali wa kupiga mawindo na maadui, kama kambale-umeme wa Ziwa Tanganyika na mto Naili, anayeweza kutoa volti 300 na zaidi. Hao waache. Wapo wasiotegemea umeme wa kwao bali hunusa wa wengine: kambale wa kawaida, na wale papa na taa unaowaona wamelazwa soko la Feri. Vile vitundu vidogo kwenye pua ya papa ni vya kazi hiyo. Kundi la tatu ndilo letu: samaki wa umeme dhaifu. Hawa wana kiungo karibu na mkia kinachotoa umeme mdogo ambao hata ukimshika huusikii mkononi. Hauui kitu. Kazi yake ni kumulika.

Afrika ndiko nyumbani kwa jamii nzima ya domodomo. Wapo Ziwa Victoria, wapo mto Rufiji, na wapo mpaka Kongo na Afrika Magharibi. Wengi wao hutoa umeme kwa mapigo mafupi, kila pigo likiwa la chini ya elfu moja ya sekunde au karibu na hapo. Ndugu yao aitwaye *Gymnarchus niloticus*, wa mto Naili na mito ya magharibi, hatoi mapigo yaliyoachana. Umeme wake ni mlio mmoja usiokatika, kama mara 300 kwa sekunde.

Huyo Gymnarchus ndiye aliyefichua siri. Hans Lissmann, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alishangazwa na jinsi anavyorudi kinyumenyume bila kugonga kitu. Mwaka 1951 alitangaza kwamba mkia wa samaki huyu hutoa umeme mfululizo. Mwaka 1958, akiwa na mwenzake Machin, akaeleza namna umeme huo unavyotambua vitu.

Maelezo yenyewe ni haya. Umeme hutoka mkiani, huzunguka majini na kuingia mwilini kupitia ngozi, kisha hurudi kinyume. Ngozi imejaa vipokezi vidogo, na kila kimoja hupima kiasi cha mkondo unaopita mahali pake. Kitu kinachopitisha umeme kuliko maji huuvuta mkondo kwake, na ngozi iliyo mkabala nacho hupata mkondo mwingi zaidi. Kitu kisichopitisha, kama jiwe au plastiki, huusukuma mkondo ukwepe, na ngozi ya upande huo hupungukiwa. Kwa hiyo kila kitu kilicho karibu huacha doa kwenye ngozi ya samaki. Mimi naliita kivuli, ingawa vivuli vingine hung'aa.

Kwa maneno mengine, samaki hasubiri mwangwi kama popo. Muda hauna kazi hapa. Anasoma tu jinsi umeme wake mwenyewe ulivyopotoshwa.

Vifaa

Zunguka Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya redio, vingine chukua jikoni. Utahitaji beseni kubwa la plastiki, pana kadiri unavyoweza, maana kuta zake zikiwa karibu na "samaki" nazo zitaacha kivuli. Kijiko kirefu cha stenlesi ndicho kiwiliwili. Skrubu ndefu ya stenlesi ndiyo mkia. Tafuta waya mbili za AUX za bei rahisi za kukata, rezista moja ya ohm 470, rula ya plastiki, tepu ya umeme, na spika ndogo ya kuchaji yenye tundu la AUX. Simu mbili: moja yenye tundu la hedifoni na programu ya kutoa toni, nyingine yenye programu ya kupima sauti kwa desibeli.

Vitu vya kumwekea samaki: kufuli la shaba, chupa ndogo ya plastiki iliyojazwa maji na mchanga na kufungwa barabara, na kijungu kidogo cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Kopo la soda usilitumie. Linaonekana bati tupu, kumbe limepakwa vanishi ndani na nje, litakudanganya.

Sharti moja halina mjadala: hakuna chochote kinachogusa maji kitakachounganishwa na umeme wa ukutani, hata kupitia chaja. Simu na spika zitumie betri zake tu.

Kumuunda samaki

Kata waya wa kwanza wa AUX katikati, uchune ncha. Ndani kuna nyuzi tatu: mbili za sauti ya kushoto na kulia, na moja isiyo na ganda, ya ardhi. Chukua moja ya sauti na ile ya ardhi, ya tatu izungushie tepu isiguse kitu. Waya wa sauti upitishe kwenye rezista kisha uufunge kwenye skrubu. Wa ardhi ufunge kwenye mpini wa kijiko. Viungio vyenyewe vibaki juu ya maji, au vifunikwe vizuri kwa tepu.

Rezista si pambo. Inailinda simu, na inafanya kazi ya ukinzani uliomo ndani ya kiungo cha samaki wa kweli. Tutaihitaji tukifika kwenye chumvi.

Funga kijiko na skrubu kwenye rula, skrubu ikiwa sentimita 10 nyuma ya mwisho wa mpini. Laza kila kitu majini, katikati ya kina, mbali na kuta.

Sasa kipokezi, na hapa usiharakishe. Waya wa pili wa AUX unaingia kwenye spika. Nyuzi zake mbili, ya sauti na ya ardhi, zichune milimita 5 tu kwenye ncha na uzifunge kwenye kijiti cha mshikaki, zikiwa zimeachana sentimita 1. Kijiti kielekezwe nje kutoka ubavuni mwa kijiko kama mwiba: ncha moja iwe nusu sentimita kutoka kwenye chuma, nyingine sentimita moja na nusu. Usikilaze sambamba na kijiko. Ngozi ya samaki hupima mkondo unaoikata kuingia au kutoka, na ukikilaza utapata majibu yaliyogeuka: chuma kitapunguza sauti badala ya kuiongeza.

Weka toni ya 1,000 Hz (mitetemo 1,000 kwa sekunde), sauti ya simu juu kabisa, kisha pandisha spika polepole. Utasikia mlio. Huo ndio uga wa umeme wa samaki wako, yaani umeme wake uliotanda majini, unaopita pale penye kijiti.

Ukisikia pia mngurumo mzito chini ya mlio, huo ni wa nyaya za nyumbani, mara 50 kwa sekunde. Sisi tulihangaika nao hadi jioni umeme ulipokatika mtaa mzima, na ghafla beseni likatulia, mlio ukabaki peke yake, safi. Huhitaji kusubiri katizo. Hamia uani, mbali na friji na taa, au zima swichi kuu.

Kivuli cha kwanza

Weka simu ya desibeli mkabala na spika, nusu mita hivi, usiiguse tena. Andika kipimo. Shusha kufuli kwa uzi mpaka liwe sentimita 1 mbele ya ncha ya nje ya kijiti, kwenye mstari uleule. Sauti itapanda. Litoe, subiri maji yatulie, shusha chupa ya plastiki mahali palepale. Sauti itashuka. Tofauti inaweza kuwa desibeli 1 au 2 tu, kwa hiyo rudia mara tano kwa kila kitu na uandike zote. Usiingize mkono majini wakati wa kupima, maana mkono wako nao ni kitu chenye chumvi na unapitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba.

Mpwa wangu alipofumba macho na kuanza kutaja "kufuli… plastiki… kufuli" kwa kusikiliza tu, nilijua swali lake limeshapata jibu ambalo maneno yangu hayakuweza kulitoa.

Kisha mpe jaribio la Lissmann. Yeye aliwafundisha samaki wake kutofautisha vyungu vya udongo vyenye vinyweleo, ambavyo kwa nje vilifanana kila kitu na tofauti ilikuwa ndani tu: kimoja kina maji, kingine kina kitu kisichopitisha umeme. Jicho halikusaidia, harufu haikusaidia. Loweka kijungu chako usiku kucha ili udongo unywe maji na kupitisha mkondo. Kiweke mbele ya kijiti kikiwa na maji ya beseni ndani, pima, kisha dumbukiza ndani yake ile chupa ya plastiki, pima tena. Kwa nje hakuna kilichobadilika, ila spika inajua.

Kosa la betri

Hapa ndipo Jumamosi yetu ilipopotelea. Mwanzoni sikutumia toni. Nilitumia betri ya volti 9 na mita ya kupimia, nikiona ndiyo njia nyepesi. Plastiki ilitoa jibu zuri. Lakini sarafu ya chuma ilitoa jibu lilelile la plastiki! Nikabadilisha waya, nikabadilisha maji, nikamshuku muuza mita.

Sababu iko kwenye ngozi ya chuma. Mkondo majini hubebwa na ayoni, yaani chembe zenye chaji, mkondo ndani ya chuma hubebwa na elektroni. Pale viwili vinapokutana lazima pawe na mabadiliko ya kikemia ndipo mkondo uvuke, na msukumo mdogo wa sehemu ya volti hautoshi kuyaanzisha. Chaji hujazana mpakani, mlango unafungwa, na sarafu inageuka kuwa kama jiwe. Umeme unaogeuka upande mara elfu kwa sekunde haungoji mlango ufungwe. Kabla chaji hazijajaa, mwelekeo umeshabadilika.

Ukitaka kuhakikisha, shusha toni hatua kwa hatua na ulinganishe kufuli na plastiki kila mara. Kadiri unavyoshuka kuelekea 50 Hz na chini yake, spika ndogo itachoka kabla ya jaribio, lakini wazo utalipata. Na utaona kwa nini samaki hawa hawatoi mkondo tulivu kama wa betri bali mapigo mafupi au mawimbi.

Mapigo hayo yanampa jambo jingine ambalo beseni letu haliwezi kuliiga vizuri. Kiumbe hai, awe buu au jani, ana utando wa seli unaoweka chaji kama kapasita. Kiumbe huyo habadilishi tu ukubwa wa pigo, huligeuza na umbo. Domodomo wana vipokezi vya kupima yote mawili, ukubwa na umbo, ndiyo maana buu hatajificha kwa kufanana ukubwa na kijiwe. Hilo ndilo jibu kamili la swali la mpwa wangu.

Umbali: kazi ngumu kuliko zote

Rudisha toni ya 1,000 Hz. Sogeza kufuli kutoka sentimita 1 hadi 2, kisha 4. Athari haitapungua nusu kwa nusu, itaporomoka. Ndivyo ilivyo kwa samaki pia: uwezo wake huishia kama urefu wa mwili wake mwenyewe, na zaidi ya hapo umeme haumwambii kitu. Ni dunia ya karibu sana.

Lakini fikiria tatizo lake. Doa dhaifu ubavuni laweza kuwa kitu kikubwa kilicho mbali au kitu kidogo kilicho karibu. Atajuaje? Mwaka 1998 Gerhard von der Emde na wenzake walionyesha kwamba samaki mmoja wa jamii ya domodomo, *Gnathonemus petersii*, anapima umbali kweli gizani, na njia yake unaweza kuichora mwenyewe.

Weka alama kila sentimita 1 ubavuni mwa kijiko. Kufuli likae sentimita 2 kutoka ubavuni, mkabala na katikati. Pitisha kijiti alama kwa alama ukiandika desibeli. Liondoe kufuli, pita tena alama zilezile. Toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza kwa kila alama, maana mlio wenyewe hautoshani mwili mzima, ni mkali zaidi upande wa mkia. Tofauti hizo zichore kwenye karatasi ya grafu. Utapata kilima. Sasa rudia kufuli likiwa sentimita 4.

Kilima cha pili ni kifupi, hilo ulilitegemea. Angalia upana wake. Kimetanuka, miteremko imelala. Kitu kikubwa huinua kilima, kitu kinachopitisha zaidi huinua kilima, lakini mteremko ukigawanywa kwa kimo hufuata umbali. Ni kama taa nyuma ya pazia: ikisogea mbali na pazia, doa lake hupoteza kingo. Samaki husoma ukali wa kingo. Njia hii ina mwanya mmoja: kitu cha duara kamili kama mpira hutoa kingo laini kuliko mchemraba, na samaki wale walikidhania kiko mbali kuliko kilivyo.

Usikate tamaa vilima vyako vikitoka na makunyanzi. Vyetu vya kwanza vilikuwa hivyo. Kilichotusaidia ni kufunga kijiti kwenye kipande cha ubao kinachoteleza juu ya ukingo wa beseni, badala ya kukishika kwa mkono.

Hesabu zote hizi hufanywa na ubongo, na ubongo huo una gharama. *Gnathonemus* hutumia kama asilimia 60 ya oksijeni ya mwili wake kuulisha ubongo wake. Wa binadamu hula kama asilimia 20.

Chumvi

Maji tuliyotumia ni ya bomba, yale ya mto Ruvu. Jirani aliyetumia maji ya kisima alipata mlio hafifu tangu mwanzo, na ukionja maji hayo unajua kwa nini. Jaribu: ongeza chumvi kijiko cha chai kimoja kimoja, koroga, sikiliza. Mlio unashuka. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kirahisi mno, kwa hiyo volti nyingi inapotelea kwenye rezista na uga unaobaki majini unanywea. Samaki wa umeme dhaifu wanaotafuta njia kwa mtindo huu ni wa maji baridi. Usiwatafute Kigamboni baharini.

Samaki wawili beseni moja

Ukiweza kupata simu ya tatu, tengeneza samaki wa pili na umpe toni ya 1,004 Hz. Mlio utaanza kupanda na kushuka mara nne kwa sekunde, na kufuli utalikosa kabisa kwenye yumbayumba hiyo. Samaki wa mawimbi wanalo tatizo hilihili. Mwaka 1963 Watanabe na Takeda walieleza jinsi samaki wa Amerika Kusini aitwaye *Eigenmannia* anavyosogeza mlio wake mwenyewe mbali na wa jirani. Panda hadi 1,060 Hz usikie tofauti. Domodomo wana njia yao: mapigo ni mafupi, hayagongani mara nyingi, na ubongo unapoamuru pigo hujitumia nakala ya amri hiyo, ukajua hili ni langu na lile ni la mwenzangu.

Ukimpata domodomo hai

Ukisafiri hadi kwa wavuvi wa Ziwa Victoria au Rufiji, beba spika na waya wa kipokezi peke yake. Toni iache nyumbani, hatuingizi umeme kwenye maji ya samaki hai. Omba awekwe kwenye ndoo ya plastiki yenye maji ya palepale alipovuliwa, tumbukiza ncha mbili zikiwa zimeachana sentimita 15 au 20, pandisha sauti. Utasikia ta, ta, ta, kila pigo moja. Akitulia mapigo huwa machache na yasiyo na mpangilio. Shusha kijiti taratibu karibu na kichwa chake usikilize yanavyoharakisha, mpaka yanaungana kuwa mfoko mmoja. Anakikagua kijiti chako. Dakika chache zinatosha, kisha mrudishe kwenye maji mengi.

Beseni la nyumbani limwage, kijiko ukisugue kabla ya kukirudisha jikoni, na skrubu ikaushe. Kijungu chetu mpwa wangu amekataa kukirudisha. Anataka wiki ijayo tukiweke viazi ndani.